Wahudumu wa afya: mgonjwa akiambiwa aache sigara akajibu "nimesikia", mnafanya nini baada ya hapo?

Tabibu wa Kata (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni tabibu, mwaka wa pili kazini, zahanati ya kata mkoani Tabora, ukanda wa tumbaku. Ukisimama mlangoni petu unayaona mabani matatu ya kukaushia, na msimu huu harufu inaingia mpaka chumba cha sindano.

Nina mzee mmoja, miaka 61. Amekuja kwangu mara nne tangu Novemba. Kikohozi cha kila asubuhi, kifua kinabana akipanda kile kilima kidogo cha kwenda kwake. Makohozi yamepimwa mara mbili, hana kifua kikuu. Anavuta tangu ana miaka 14. Zamani alikuwa anasokota kwenye gazeti, sasa za dukani, kumi na tano kwa siku au zaidi. Mara zote nne nimemwambia, "Mzee, hizi sigara zitakumaliza, acha." Mara zote nne amenijibu kwa upole, "Nimesikia, daktari." Mara ya mwisho nilimsindikiza mpaka nje, na kabla sijageuka alikuwa ameshawasha, chini ya mwembe wetu, kwa kiberiti cha mama anayeuza karanga pale getini.

Nilimfuata. Nilikuwa na hasira, nakiri. Akaniambia, "Mwanangu, tumbaku ndiyo iliyosomesha watoto wangu watano. Leo unataka niiite adui?" Nikakosa la kusema.

Chuoni tulifundishwa madhara: saratani, moyo, kiharusi. Nimeyahifadhi yote. Hatukufundishwa mgonjwa akishasema "nimesikia" unamfanyia nini. Dawa za kumsaidia kuacha hazipo kwenye stoo yetu, na kwa siku naona wagonjwa arobaini mpaka sitini, peke yangu. Wenye uzoefu naomba mnisaidie: mnatumia maneno gani, na mnafanya nini kwa hizo dakika chache? Nataka kujua kazi yenyewe inavyofanyika.

Kiboko77

Mkuu usijichoshe. Sigara ni uamuzi. Mjomba wangu kavuta miaka thelathini, siku moja kaamka kasema basi, mpaka leo hajagusa. Asiyetaka kuacha haachi hata umpe dawa gani.

Nesi wa Makohozi

Mdogo wangu Tabibu, nimeisoma barua yako mara mbili. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimekaa kliniki ya kifua kikuu hapa Tanga miaka 22, na jina hilo la hapo juu nilipewa na wagonjwa wenyewe.

Kwanza nimjibu ndugu yetu Kiboko. Mjomba wako yupo, na Mungu amzidishie afya. Lakini kwenye wavutaji mia wasio na msaada wa mtu yeyote, wanaoacha kabisa ndani ya mwaka ni kama wawili au watatu. Waliobaki hawakukosa nia. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfunga mvutaji, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kumi mpaka ishirini baada ya kuvuta. Sigara moja ni kama mivuto kumi. Mpigie hesabu mzee wa Tabora: sigara kumi na tano, mivuto mia na hamsini kwa siku, kwa miaka 47. Mwili uliofundishwa hivyo hausikii amri ya siku moja. Ndiyo maana tunasema ni maradhi, na maradhi yana matibabu.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kazi.

Mwaka wangu wa tatu pale kliniki tulikuwa na mgonjwa mmoja, mpakuzi wa bandarini, mwembamba, mtu wa maneno mengi. Alikuwa mwezi wa pili wa dawa. Nikamnusa sigara. Nikamwambia mbele ya benchi zima, watu kama ishirini, "Serikali inakupa dawa bure, wewe unaziunguza kwa moshi?" Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Wiki iliyofuata hakuja, wala ile nyingine, wala ya tatu. Aliporudi aliletwa amebebwa. Alianza dawa upya, akapona, Alhamdulillahi, lakini kliniki ile nilimfukuza mimi kwa mdomo wangu. Aliporudi hakuwahi tena kunitazama usoni akizungumza. Naandika haya miaka mingi baadaye na bado naliona lile benchi.

Tangu siku hiyo sigara za mgonjwa nazizungumza mlango ukiwa umefungwa.

Halafu nikaanza kuandika. Kwenye kadi ya mgonjwa, pembeni juu penye nafasi tupu, naandika vitu viwili: anavuta ngapi kwa siku, na akiamka ile ya kwanza anaivuta baada ya dakika ngapi. "15 / dk 10." Kila akija naandika tena kama ninavyoandika uzito. Ikipanda sigombi, ikishuka namwonyesha. Ukianza kuandika mgonjwa anaona jambo hili limeingia kwenye matibabu yake, limetoka kwenye mahubiri. Na hilo swali la ya kwanza asubuhi usilipuuze. Limo kwenye kipimo cha utegemezi wa nikotini cha Fagerström, mtaalamu wa Sweden, na ndilo swali lenye uzito kuliko mengine. Anayewasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka amefungwa sana, huyo mtafutie dawa kwa kila njia, usimwachie nia peke yake.

Ushauri wenyewe nautoa kwa sentensi mbili, tena kwa ugonjwa aliokuja nao. Saratani ya miaka ijayo haimgusi mtu anayehema leo. Mzee wako kinachomsumbua ni kile kilima. Mwambie: "Mzee, kifua hiki kinabanwa na moshi, na dawa ninayokupa haiwezi kushindana na moshi wa kila siku. Kuacha ndiyo tiba kubwa kuliko zote nilizonazo, na nitakuwa na wewe mpaka utoke." Kisha unyamaze. Nimewaona vijana wengi wanaharibu hapo, wanaogopa kimya, wanaongeza na kiharusi na figo na nguvu za kiume, mpaka mgonjwa anatamani mlango. Kaa kimya. Yeye ndiye wa kusema neno linalofuata.

La watoto kusomeshwa na tumbaku usimbishie. Ni kweli tupu, na amelitolea jasho. Mwambie shamba ni lake na heshima ya watoto ni yake, wewe unazungumzia zile kumi na tano zinazoingia kifuani. Halafu muulize wale watoto watano wanasemaje juu ya kikohozi chake. Kwa uzoefu wangu hakosi mmoja, na mara nyingi ni binti, ambaye ameshamwomba baba aache. Huyo ndiye mwenzako kwenye kazi hii.

Kwa sisi wa Tanga Ramadhani ilikuwa msaada mkubwa. Mvutaji aliyefunga anakaa tangu alfajiri mpaka magharibi bila moshi, siku 29 au 30. Mtu akiniambia "Nesi, mimi siwezi hata saa moja", namuuliza mwaka jana alifunga ngapi. Akijibu zote, nanyamaza, anacheka mwenyewe. Hatari ilikuwa baada ya futari, pale barazani. Tulikuwa tunapanga naye: tende, uji, kisha aende tarawehe bila kupitia kwa wenzake. Mzee wako kama hafungi, tafuta masaa yake mengine. Safari ya basi, siku alizolazwa, usiku mzima akiwa amelala. Kila mvutaji ana masaa aliyowahi kukaa bila, na hajui kwamba yanahesabika.

Akikubali, hata kwa nusu mdomo, mpe tarehe. Hili ndilo ninalotaka ushike. Ukimwambia "acha" umempa kitu kisicho na mpini. Siku ijulikane, ndani ya wiki mbili, iandikwe kwenye kadi na aitaje kwa mdomo wake. Isiangukie siku ya soko la tumbaku wala ya malipo wala ya harusi. Jioni ya kuamkia siku hiyo pakiti, kiberiti na kile kikopo cha majivu vitoke nyumbani. Kama kuna kijana mwingine anayevuta, asivutie ndani.

Na mwambie kabla kitakachompata. Hasira za bure, usingizi kukatika, njaa, choo kigumu, hata kikohozi kinaweza kuzidi mwanzoni. Vijana wanaiita arosto. Inakuwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha inapungua wiki kwa wiki, na kwa wengi mwezi haufiki imeshalegea. Asiyeambiwa anadhani kuacha kumemdhuru. Nimesikia mara ngapi: "Niliacha nikaugua, nikarudi nikapona!" Hamu yenyewe inapokuja inakaa dakika chache, kama tano, inaondoka hata usipoipa kitu. Wangu nilikuwa nawapa la kufanya kwa hizo dakika: maji, karafuu mdomoni, kijiti cha mswaki, na kunyanyuka pale alipokaa. Mkono wa mvutaji umezoea kushika kitu, mswaki unausaidia kweli.

Siku ya tatu mpigie simu. Najua una wagonjwa sitini. Simu ni dakika mbili. Nilikuwa nawaambia ukizidiwa nibipu, nitapiga. Wengi hawakubipu, ila nilipopiga wenyewe niliambiwa mara nyingi, "Nesi, jana usiku ningeshavuta, nikakumbuka kesho utauliza."

Kuna utafiti mmoja nilielezwa semina, haujanitoka. Ulichapishwa mwaka 1979, daktari Michael Russell wa London na wenzake. Madaktari 28 wa kliniki za mitaani, wavutaji zaidi ya 2,000, makundi manne. Baada ya mwaka, kwenye kundi lisilofanyiwa chochote walioacha walikuwa asilimia 0.3. Waliojaziwa dodoso tu, 1.6. Walioshauriwa na daktari waache, 3.3. Kundi la nne walishauriwa, wakapewa kijikaratasi, na wakaambiwa kwamba watafuatiliwa: 5.1. Unaweza kusema tano katika mia ni wachache. Lakini ni dakika moja au mbili za daktari! Mimi nikiiangalia ile namba ya mwisho naliona lile neno la kufuatiliwa.

Ataanguka. Wengi wanaanguka zaidi ya mara moja. Akirudi na aibu usimuulize kwa nini, "kwa nini" inamfanya ajitetee. Muulize wapi, na nani, saa ngapi. Nilikuwa na fundi seremala aliacha miezi minne, akarudia usiku wa pili wa msiba wa shemeji yake, wanaume wamekaa nje, mtu akamnyooshea moja bila hata kumuuliza. Kumbe kila alipowahi kurudia ilikuwa msibani. Tulipanga: msiba ukitokea anajiunga na wanaopika, mikono iwe na kazi. Mara ya nne ndiyo iliyoshika.

Dereva wa Mizani

Mama Nesi, shikamoo. Umenikumbusha mbali.

Mimi ni dereva wa lori, Dar mpaka Tunduma, miaka 19 barabarani. Niliacha mwaka 2019. Kabla ya hapo kila kituo cha afya nilichoingia niliambiwa niache, nikasema sawa, kama yule mzee. Aliyenitoa ni daktari mmoja, dada mdogo kabisa, kwenye kliniki ya presha. Hakuniuliza navuta ngapi kwanza. Aliniuliza, "Katika zote za siku, ipi ngumu kuliko nyingine?"

Sikuwahi kuulizwa. Nikafikiri, nikamwambia ya mizani, pale malori yanapopimwa uzito. Foleni ya Vigwaza, halafu Makambako. Unasogea magari mawili, unasimama. Unasogea, unasimama. Pale nilikuwa namaliza nne, tano, bila kujua. Akasema, "Basi tuanze na mizani." Akaandika kabisa kwenye daftari langu la kliniki: MIZANI. Tukapanga mbegu za maboga kwenye chupa ya plastiki karibu na gia, na utingo aape kwamba hataninunulia hata nikimpigia kelele. Alinipa namba yake, na siku niliyopaswa kuwa Makambako alinitumia meseji: "Foleni ndefu?" Neno hilo tu. Nilikaa na simu mkononi kama mtoto.

Alinielekeza pia bigijii ya nikotini, nikaipata famasi moja Dar. Hapa niwaonye wenzangu. Niliitafuna kama bigijii ya kawaida, haraka haraka, nameza mate. Kwikwi na kiungulia kutoka Chalinze mpaka Morogoro. Nikaitupa dirishani, nikampigia kumwambia dawa yako mbaya. Akaniuliza taratibu, "Unaitafunaje?" Kumbe ina utaratibu wake. Angeniambia tu vumilia ningerudi kwenye sigara siku ile ile.

Nilianguka mara moja, mpakani Tunduma, foleni ya siku tatu. Nilivuta mbili. Nikampigia kesho yake nikitegemea maneno. Akasema, "Kabla ya hapo umekaa siku ngapi?" Nikahesabu, arobaini na moja. Akasema, "Hizo arobaini na moja hazijafutika, endelea na ya arobaini na mbili."

Mfamasia Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Niongeze ya dawa, maana Tabibu amesema hazipo kwake, lakini jamaa wa mgonjwa wanaweza kuzitafuta mjini na ni vyema ajue awaandikie nini.

Dawa za kurudishia nikotini, yaani plasta na chingamu zinazompa mtu nikotini bila moshi, ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Mwaka 2021 zikaongezwa vareniklini na bupropioni, vidonge visivyo na nikotini. Na Julai 2024 shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku, na mle ndani umetajwa pia ushauri mfupi wa sekunde 30 mpaka dakika tatu kwa kila mtumiaji anayefika kituoni. Kwa hivyo, Tabibu, hata bila dawa rafuni una kitu cha kumpa.

Anayevuta zaidi ya kumi kwa siku kwa kawaida huanza plasta ya miligramu 21, moja kila siku, kwa wiki sita, kisha 14 wiki mbili, kisha 7 wiki mbili. Abandike sehemu ya juu ya mkono, kati ya kiwiko na bega, au kifuani, ngozi kavu isiyo na nywele, kila siku mahali papya. Ndoto zikimsumbua aitoe akienda kulala. Chingamu: anayevuta ya kwanza ndani ya nusu saa ya kuamka apewe ya miligramu 4, wengine 2. Itafunwe polepole mpaka ule ukali kama wa pilipili utokee, kisha iegeshwe kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha itafunwe tena kidogo, hivyo hivyo kwa nusu saa. Nikotini inapita kwenye ngozi ya mdomo, ukimeza mate inapotelea tumboni na kukuletea hizo kwikwi za ndugu dereva. Kahawa, soda na maji ya matunda viachwe dakika 15 kabla na wakati wa kutafuna. Plasta pamoja na chingamu hufanya kazi kuliko kimoja peke yake.

Kosa ninaloliona kaunta kila wiki ni mtu kununua vipande sita kwa kuogopa bei, anatumia viwili kwa siku, kisha anakuja kuniambia haisaidii. Kama pesa ni kidogo, mpigieni hesabu ya pesa za sigara za wiki mbili na mziweke pamoja. Vareniklini huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha na huendelea wiki 12, na bupropioni hapewi mwenye kifafa. Hizo mbili ni za kuandikiwa, msizinunue kwa kusikia.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, na mimi linaniuma kwa sababu nimeliona. Moshi wa sigara huharakisha ini kuzivunja baadhi ya dawa, aminofilini ya pumu ikiwa mojawapo. Mgonjwa akiacha kuvuta, ini linapunguza mwendo, na kipimo kile kile kinakuwa kingi mwilini: kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kutetemeka. Tabibu, kama mzee wako yuko kwenye aminofilini, mwangalie wiki ya kwanza na upunguze ikibidi. Plasta haizuii hilo, kwani unaoharakisha ini ni moshi, si nikotini.

Na kahawa ni hivyo hivyo. Huku kwetu mtu ana vikombe vyake vya kahawa tungu barazani asubuhi na jioni, na kila kimoja kilikuwa na sigara yake. Anaacha sigara, anabaki na vikombe vyote. Kahawa sasa inakaa mwilini zaidi, halali, moyo unapiga, anasema ni arosto. Mimi huwaambia siku wanayoacha sigara, kahawa waipunguze iwe nusu. Wawili mwaka huu walikuwa wameshakata tamaa, tukapunguza kahawa tu, wakalala.

Tabibu wa Kata

Nawashukuru sana. Mama Nesi, shikamoo. Nimeandika kwenye kadi yake leo. Nilimuuliza ya kwanza anavuta saa ngapi, akasema, "Kabla ya kuvaa viatu." Binti yupo, ni wa tatu, anafundisha shule kule Sikonge. Nilipomtaja mzee aliinamisha kichwa, akasema binti alimwomba aache siku ya send-off yake. Siku ya kuacha tumepatana Alhamisi ijayo. Masoko hayajafunguliwa. Binti anatafuta plasta Tabora mjini. Aminofilini yupo nayo, nitaipunguza na nitamwona Jumatatu.

Swali moja: anasema siku za kuvuna asubuhi na umande anapata kizunguzungu na kutapika hata kabla ya kuvuta. Inahusiana?

Mfamasia Pwani

Inahusiana sana. Umande unachukua nikotini kwenye jani bichi na ngozi inaifyonza. Mikono mirefu, glavu, wasubiri majani yakauke, na wakimaliza waoge kwa sabuni. Akiwa na plasta asivune majani mabichi kwa mikono mitupu. Na watoto wasiende kuvuna, miili yao ni midogo.

Nesi wa Makohozi

Marahaba mwanangu. Jumapili hiyo usisahau simu. Ni siku ya tatu.

Tabibu wa Kata

Nimepiga Jumapili saa kumi na moja jioni. Alipokea mkewe. Akasema tangu Ijumaa mzee hakai, analima mpaka giza, na akiongeleshwa anafoka. Kisha mzee akachukua simu mwenyewe. Akasema, "Daktari, jana usiku nilivuta moja."

Nilitaka kusema kwa nini. Nikauliza wapi, na nani, saa ngapi.

Banini. Saa nane usiku, anachochea kuni na vibarua wawili, wote wanavuta. Moto wa bani haulali, lazima mtu akeshe. Siku nzima Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi hakugusa. Nikamuuliza nani mwingine anaweza kukesha. Akanyamaza muda mrefu, nami nikanyamaza. Akasema kijana wake wa mwisho yupo nyumbani, amemaliza kidato cha nne, havuti.

Kijana anakesha kuanzia leo. Mzee anakuja kesho asubuhi, na kwenye kadi nimeandika: 1.